Handaki la Baharini: Majibu kwa Wanaolitaka Tanga

Tangu bandari ya Tanga iongezwe kina na bomba la mafuta ghafi lielekezwe Chongoleani, ndoto za watu wa mji huu zimepanuka, na ni haki yao. Mji uliodorora miaka mingi baada ya bei ya mkonge kuanguka unapoona meli kubwa inafunga gatini, lazima watu waulize kinachofuata ni nini. Mojawapo ya majibu ninayoyasikia vibarazani, kuanzia Ngamiani mpaka Sahare, ni handaki: barabara ipite chini ya bahari, gari liingie upande huu wa ghuba na litokee ng'ambo, Chongoleani. Wapo wanaolitaka lifike Pemba. Na wapo wanaoona kwamba hata Pangani, mahali pa daraja pangewekwa handaki.

Wanaosema haya ni watu wanaoupenda mji wao, na hoja zao hazikutoka hewani. Ndiyo maana nataka kuzijibu kwa hoja. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: handaki la baharini linajengeka, lakini kwa pwani yetu linatatua shida ambayo mvukaji hanayo, na fedha yake ingelala mahali ambapo mwenye baiskeli na mwenye ndoo ya samaki hawataruhusiwa kupita.

Dai linalotangulia daima ni hili: dunia nzima siku hizi inapita chini ya bahari, sisi tu ndio tumechelewa.

Mahandaki yapo, tena ya zamani. London walipita chini ya mto Thames mwaka 1843, baada ya kazi ya miaka 18 iliyofurikwa na maji mara kadhaa na kuua vibarua. Lilikusudiwa magari ya farasi, lakini fedha za kujenga miteremko ya kuyaingiza zikakosekana, likaishia kuwa njia ya waenda kwa miguu na baadaye ya treni. Hong Kong ilifungua handaki lake la kwanza la magari chini ya bandari mwaka 1972. Istanbul ilifungua la kwake Desemba 2016: kilomita 5.4, na sehemu ya chini kabisa iko mita 106 chini ya usawa wa bahari. Ila Istanbul, kabla ya kulifungua, ilikuwa imeshajenga madaraja matatu juu ya mlango huohuo wa bahari, mwaka 1973, 1988 na 2016. Handaki lilikuja pale madaraja yalipozidiwa na magari. Ghuba ya Tanga haijawahi kuwa na hata daraja moja.

Mfano wa Afrika hautajwi sana vibarazani, na ndio unaotufaa zaidi. Misri ilijenga handaki la barabara chini ya Mfereji wa Suez, lenye urefu wa kilomita 1.6 hivi, likaanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Lilipewa jina la Ahmed Hamdi, ofisa mhandisi wa jeshi aliyeuawa katika vita vya 1973. Haukupita muda mrefu maji ya chumvi yakaanza kupenya kwenye kuta. Maji ya chumvi yakifika kwenye nondo, nondo hushika kutu; nondo yenye kutu huvimba, na ikivimba hupasua zege, na ufa huo hukaribisha maji mengine zaidi. Mwaka 1992, kwa msaada wa Japani, ilianza kazi ya kujenga ukuta mpya usiopitisha maji ndani ya lile handaki la kwanza. Kwa maneno mengine, Misri ililijenga handaki moja mara mbili. Na Misri ni nchi yenye wahandisi wengi, na mfereji unaoiingizia dola kila siku.

Dai linalofuata lina fahari ya taifa ndani yake: tumetoboa milima ya Kilosa kwa ajili ya reli ya SGR, bahari itatushinda nini?

Mahandaki manne ya Kilosa, yenye jumla ya kilomita 2.6 hivi, ni kazi ya kujivunia. Lakini handaki la mlimani na la baharini ni ndugu wa mbali. Mlimani, mhandisi huipa njia mwinamo mdogo na maji yanayochuruzika kutoka kwenye mwamba hutoka yenyewe mlangoni, bure, usiku na mchana. Handaki la baharini hushuka kutoka pande zote mbili na kukutana chini katikati, limebonyea kama kitanda cha kamba kilicholegea. Kila tone linaelekea pale bondeni: mvua iliyoingia mlangoni, maji yanayopenya kwenye viungo, maji ya kuoshea barabara. Hayana pa kutokea. Kwa hiyo chini pale huchimbwa kisima cha kuyakusanya, zikawekwa pampu, na pampu za akiba, na jenereta ya kuziendesha umeme ukikatika. Moshi wa magari nao haupandi wenyewe. Unahitaji mapangaboi makubwa ya kuusukuma nje. Taa huwaka hata saa sita mchana. Sasa jiulize itakuwaje gridi ya taifa ikianguka, kama ilivyoanguka mwaka 2024. Daraja likikosa umeme linakuwa giza tu, na watu wanaendelea kuvuka. Handaki likikosa umeme linafungwa.

Gharama ya mitambo hii haiishi kazi ya ujenzi ikiisha. Ndiyo kwanza inaanza, na mlipaji wake ni halmashauri au wizara, miaka mia moja mbele, awepo mfadhili au asiwepo.

Lipo dai la tatu ambalo ni la Tanga peke yake, nami nalipenda kwa sababu nimelelewa nalo. Kwamba Mapango ya Amboni yanapita chini kwa chini mpaka Mombasa, wengine husema mpaka Kilimanjaro, kwa hiyo ardhi yetu imeshachimbwa nusu na Mungu; ni kumalizia tu. Hadithi ya mbwa aliyepotelea pangoni akaibukia Moshi kila mtoto wa Tanga ameisikia. Watafiti wa Kijerumani na Kituruki waliyapima mapango hayo mwaka 1994, na pango refu kuliko yote likaonekana kuwa na mita 900 tu.

Ila hadithi ile, ingawa si kweli, inatuambia jambo la maana kuhusu ardhi. Amboni ni mawe ya chokaa. Maji ya mvua, yakiwa na asidi kidogo, huyayeyusha mawe hayo taratibu kwa maelfu ya miaka na kuacha vyumba, mifereji na mashimo ambayo juu ya ardhi hayaonekani. Ingia pangoni utazame dari: unaona mahali maji yalipopita na bado yanapita, tone kwa tone, na unaona vijitundu visivyotoshea hata mkono vinavyoingia gizani, hakuna ajuaye vinaishia wapi. Mchimbaji wa handaki huogopa mwamba wa namna hii kuliko mwamba mgumu, maana mashine yake inaweza kuwa kwenye jiwe imara asubuhi na kufika alasiri ikatoboa shimo lililounganika na bahari. Kinachoonekana kama msaada wa kuchimba ndicho kinachopandisha bei ya kazi na hatari ya wachimbaji.

Njia nyingine ni kutotoboa mwamba kabisa. Unachimba mtaro kwenye sakafu ya bahari, unafinyanga masanduku makubwa ya zege nchi kavu, unayaziba pande zote mbili, unayaburuta yakielea, kisha unayazamisha moja moja mtaroni na kuyaunganisha kwa mipira mizito, halafu unayafunika kwa mawe ili nanga za meli zisiyaharibu. Ndivyo Denmark na Sweden walivyofanya kwenye njia yao iliyofunguliwa mwaka 2000. Hapa kwetu sakafu hiyo ya bahari ina wenyewe. Tanga ina hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 2009 kwa ajili ya silikanti, samaki ambaye wanasayansi walidhani ametoweka tangu enzi za madinosaria, na nyavu za wavuvi wetu zikamtoa majini mara nyingi tangu mwaka 2003. Tope la mtaro mrefu halikai linapochimbwa. Bamvua likija linalichukua na kulimwaga juu ya matumbawe, na matumbawe yakifa mvuvi wa ngalawa ndiye wa kwanza kujua.

Kuhusu Pemba nitasema machache. Hoja ni kwamba tangu mwaka 2010 Pemba inapata umeme wa Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari, basi palipopita waya itapita na barabara. Waya haupumui. Unalala popote sakafu ilipo, hata kina kiwe mamia ya mita. Mlango wa bahari kati yetu na Pemba una mahali pafikapo kina cha mita 800 hivi, na handaki la barabara lililoshuka chini zaidi duniani, la Ryfylke huko Norway, limefika mita 292. Pemba inahitaji meli nzuri zenye ratiba ya kuaminika.

Sasa nifike kwenye hoja yao yenye nguvu. Wanasema daraja litazuia meli. Handaki haliingiliani na chombo chochote.

Hapa wana haki, na tuwape haki yao kwa hesabu. Meli kubwa ya makontena inahitaji uwazi wa mita 60 na zaidi kutoka kwenye maji mpaka tumboni mwa daraja. Barabara ikipanda mita 5 kwa kila mita 100, unahitaji mita 1,200 za kupanda kila upande, katikati ya nyumba za watu. Chukua sasa mkondo wa meli wa mita 13, kina kilekile ambacho bandari ya Tanga imekifikia kutoka mita 3 za zamani, siku ambazo meli zilitia nanga nje na mzigo ukaletwa kwa matishari. Ongeza tabaka la mawe na kimo cha sanduku lenyewe: barabara itakuwa mita 23 hivi chini ya maji, na mteremko wake utahitaji mita 460 tu. Mahali penye meli kubwa, ardhi finyu na magari mengi, handaki linashinda. Likoni, kwenye mlango wa bandari ya Mombasa, ni mahali pa namna hiyo, na Mkenya akisema pale ijadiliwe njia ya chini ya maji, sitamcheka.

Lakini hata Mombasa walianza kwingine. Walizunguka kwa Dongo Kundu, wakajenga madaraja ya Mwache na Mteza, hili la pili likiwa na kilomita 1.4 hivi, na gari la kwenda Kwale au Horohoro likaweza kuepuka foleni ya feri. Daraja la Kilifi limekuwepo tangu 1991. Na kwa Likoni penyewe, mpango uliopelekwa mbele pamoja na Wajapani ni wa daraja refu la kamba za chuma.

Pangani je? Meli ya makontena iko wapi Pangani? Mlangoni mwa mto kuna mchanga unaohamahama, na vinavyoingia ni mashua, jahazi na boti za uvuvi. Daraja lililopangwa pale, la mita 525, ni sehemu ya barabara ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo, na halihitaji kupanda mbinguni ili jahazi lipite. Na Chongoleani ina bahati ambayo Likoni haina: ghuba ya Tanga ina mwisho, na barabara inazunguka kupitia Amboni na Mabokweni. Ni mzunguko, ndiyo. Lakini lami nzuri kwenye mzunguko huo ina bei ndogo sana kuliko handaki.

Wapo wanaolitaka handaki kwa ajili ya usalama, na hawa nawasikiliza kwa makini kuliko wengine wote, maana pwani hii imezika watu wengi. Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka Mombasa na watu 272 wakafa. Mwaka 2019 gari liliteleza kutoka kwenye feri ya Likoni, mama na binti yake wakazama huku watu wanaona. Nani atasema pantoni ni salama?

Tuangalie basi waliokufa Mtongwe walikuwa kina nani. Karibu wote walikuwa waenda kwa miguu, wafanyakazi wa asubuhi waliojazana kwenye chombo kupita uwezo wake. Handaki la magari halingewabeba. Lile la Istanbul liliwapiga marufuku waenda kwa miguu, baiskeli na malori. Limejengwa kwa magari madogo. Sasa nenda Pangani, usimame gati la kuelekea Bweni, utazame mlango wa pantoni unaposhushwa. Wanaotangulia ni watu: wanafunzi waliovua viatu, mama mwenye ndoo ya dagaa kichwani na nyingine mkononi, kijana anayesukuma baiskeli yenye nazi zilizofungwa pande zote mbili mpaka gurudumu la nyuma halionekani. Kisha bodaboda. Magari huja mwisho, machache. Na Tanga yenyewe ni mji wa baiskeli, kila Mtanzania anajua. Handaki lingewapita hao wote juu ya vichwa vyao, au tuseme chini ya miguu yao.

Ni kweli yako mahandaki yanayojali mtembeaji. Hamburg wana la mwaka 1911 ambalo watu hushuka kwa lifti, na Rotterdam wana la 1942 lenye ngazi zinazosogea kwa ajili ya wenye baiskeli. Lakini lifti na ngazi za umeme ni mitambo mingine ya kutunza juu ya pampu na mapangaboi, na sehemu hiyo ya ramani ndiyo hukatwa kwanza fedha zikipungua. London ilikata kinyume, ikabakiza watembeao na kuyaacha magari nje. Siku hizi anayekatwa ni mtembeaji.

Handaki nalo lina vifo vyake. Machi 1999 lori lililobeba majarini na unga liliwaka moto ndani ya handaki la Mont Blanc, kati ya Ufaransa na Italia, na watu 39 wakafa, wengi kwa moshi. Mwaka 2012 kimbunga Sandy kilijaza maji handaki la magari linalounganisha Brooklyn na Manhattan. Kwa sababu ya moto, mahandaki mengi ya chini ya maji huyazuia malori ya mafuta au huyapitisha kwa masharti makali. Tanga ni mji wa malori ya mafuta na ya saruji. Tungejenga njia ghali kuliko zote nchini, halafu malori yetu yaambiwe yazunguke Amboni.

Linabaki dai la fedha, nalo husemwa kwa sauti ya chini kidogo: mwekezaji atajenga kwa mfuko wake, sisi tutalipa tozo tu.

Handaki la Istanbul liligharimu kiasi cha dola bilioni 1.25, mara sita au saba ya shilingi bilioni 429 zilizoiboresha bandari yetu. Lilijengwa na wawekezaji, sawa. Lakini serikali ya Uturuki ilikubali kwenye mkataba kwamba yatapita magari yapatayo 68,000 kila siku, na yakipungua, hazina italipa pengo. Yalipungua, na hazina ikalipa. Yaani mwananchi asiyewahi kulikanyaga handaki alililipia kwa kodi yake. Mji wa watu zaidi ya milioni 15 ulishindwa kufikisha idadi ya mkataba. Mwekezaji atakayekuja Tanga ataandika idadi gani? Na nani atalipa pengo, muuza samaki wa Deep Sea hapa Tanga?

Hata daraja la kawaida linatufundisha hapa. Daraja la Nyerere, Kigamboni jijini Dar es Salaam, la mita 680, lilifunguliwa Aprili 2016. Wengi walitarajia pantoni la Magogoni litakosa watu. Halikukosa. Daraja liko Kurasini, na mwenda kwa miguu anataka kushuka Feri, karibu na soko la samaki na daladala zake. Kivuko hufuata miguu ya watu, na anayepanga bila kuitazama miguu hiyo hujenga mahali pasipopitwa.

Mwisho huja lile la kunyamazisha watu: ukipinga handaki unapinga maendeleo. Silipokei. Ninayoyataka ni mengi na yanawezekana ndani ya bajeti tunazozifahamu. Barabara ya Pangani hadi Saadani iishe yote, mpaka kipande cha mwisho, lori la nazi lisikwame masika. Baada ya daraja, kivuko cha Bweni kisifutwe kabla ya kuwauliza wanaovuka kwa miguu wanashukia wapi. Njia ya baiskeli itengwe juu ya kila daraja jipya, yenye ukingo, si mstari wa rangi tu. Na kwa ghuba ya Tanga ziwekwe boti za abiria kati ya mjini na Chongoleani, zenye ratiba, gati la kupandia hata maji yakiwa yamekupwa, na jaketi la kuokolea kwa kila kichwa. Kazi ya boti hizo ingeweza kuanza mwaka huu, na mama mwenye ndoo angekuwa wa kwanza kupanda.